Neno Lililoliwa na Fonie

Jumamosi, Butembo. Ukungu ulikaa juu ya mtaa wetu wa Vulamba mpaka saa nne, kisha jua likatoka bila nguvu, kama mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi.

Ninaandika kwenye daftari. Nikipata nafasi kwenye siberi, pale penye kompyuta za kulipia, nitachapa haya kwenye ukurasa huu wa intaneti ambao rafiki yangu wa darasa alinifungulia, na ambao najua hakuna anayeusoma. Ndiyo sababu ninaweza kuandika. Mbele ya watu wawili sauti yangu inakuwa ndogo, mbele ya watatu inapotea kabisa.

Jumatatu Papa Kambale, mwenye kibanda cha fonie, anashusha antena.

Kwa mji si habari kubwa. Watu wenye simu za mkononi wanaongezeka kila wiki, unawaona wamesimama juu ya kilima wamenyoosha mkono hewani wakitafuta mtandao. Wateja wa fonie wamebaki wachache, wazee zaidi, na wale ambao ndugu zao wako vijijini. Papa Kambale amesema mbao za kile kibanda atajengea jiko la mke wake.

Mimi nakipenda kile kibanda. Naona haya kuandika hivyo, lakini ni kweli. Napenda benchi lililolainishwa na nguo za watu waliosubiri. Napenda harufu ya maji ya betri, na mvua ikipiga mabati hadi Papa Kambale anapaza sauti kama anauita mji wa Beni kwa mdomo tu bila redio. Napenda sauti zilizokuwa zikitufikia kutoka mbali, zimekwaruzwa, kama watu wanaongea chini ya maji. Miaka yote ya vita, barabara zilipofungwa na barua zilipokoma, tulijua nani yuko hai kwa sababu ya kile kibanda.

Nieleze fonie ni nini, maana mtoto anayezaliwa mwaka huu huenda asiijue. Ni redio ya kuongea na mji wa mbali. Kwenye mikro, kipaza sauti chake, kuna kifungo, sisi tunakiita buto. Ukibonyeza, unasema, na mwenzako anasikia. Ukiachia, yeye anasema, na wewe unasikia. Wote wawili hamwezi kusema kwa pamoja. Ukimaliza unatamka "à vous", yaani zamu yako, kisha unaachia.

Kuandika hivyo ni rahisi. Kufanya ni kitu kingine.

Nilianza kusaidia pale mwaka jana, baada ya masomo na siku za Jumamosi. Kazi yangu ilikuwa kuita majina ya waliosubiri na kuandika ujumbe wa watu ambao hawakuweza kufika wenyewe. Kazi ya kukaa pembeni, inayonifaa. Nilipokosa la kufanya nilitazama mikono.

Mama mmoja wa Musienene, muuza viazi, alikuja kuongea na kaka yake. Alibonyeza buto akaanza kusalimia: habari ya nyumba, ya watoto, ya mbuzi, ya mguu uliokuwa unauma. Hakuachia. Papa Kambale akamwambia, "Mama, achia kidogo, na yeye aseme." Yule mama akamtazama kwa mshangao. "Nimuachie namna gani, na sijamaliza kumusalimia?"

Benchi zima lilicheka, na mimi nilicheka ndani ya kiganja. Lakini jioni nilipokumbuka, niliona kwamba yule mama hakukosea. Kwetu ukimsalimia ndugu unamshika mkono, na unaushika mpaka salamu iishe. Kuuachia katikati ni kumwonyesha kwamba umemchoka. Yeye mkono wa kaka yake haukuwepo, akashika kile kilichokuwepo.

Nilifungua daftari jipya nikaandika: *Watu wanashika buto kama wanavyoshika mkono.* Likawa daftari langu la siri. Niliandika nani anafunga macho anapoongea (karibu wote). Nani anainamia mikro. Nani anatikisa kichwa kusema ndiyo, akasahau kwamba kule Beni kichwa chake hakionekani. Mwalimu wetu wa fizikia aliwahi kutuambia kwamba kuna watu ambao kazi yao ni kuchunguza jinsi mtu anavyoona, anavyosikia na anavyoshika, ili mashine itengenezwe kwa kumfuata mtu. Alisema hivyo mara moja tu, kengele ikalia, akafuta ubao. Mimi nimekaa na sentensi ile mpaka leo.

Sasa nifike kwa Baba.

Baba yangu ni seremala, na shemasi kanisani kwetu. Ni mtu wa maneno machache. Akikuita anataja jina lako mara moja, na akisema jambo halirudii. Yaya Masika, dada yangu mkubwa, ndiye pekee nyumbani aliyethubutu kumtania. Alikuwa akijipaka unga wa msumeno kichwani, anaingia akitembea kwa fimbo kama Baba aliyezeeka, anasema, "Jambo muke wangu, chakula iko wapi?" na Baba anageuza uso kwenye ukuta ili tusione anacheka. Nakumbuka mabega yake yakitikisika. Nyumba yetu ilikuwa na kelele siku zile, na mimi sikuhitaji kusema chochote. Masika alisema kwa ajili yetu sote.

Aliolewa Beni, huko Mulekera. Alipokuwa na mimba ya kwanza ilikubaliwa aje kujifungulia kwa Mama, hapa Butembo. Kisha habari mbaya za njia zikaanza kufika. Watu walishushwa kwenye magari, wengine hawakurudi. Baba akaamua Masika asije. Akaenda kwa Papa Kambale kumwambia Masika kwa fonie, na mimi nikafuatana naye, nikiwa bado na sare ya shule.

Kwenye ukuta wa kibanda kulikuwa na karatasi: ni marufuku kutaja habari za njia na za askari. Kila mtu aliijua sababu. Wenye bunduki walikuwa na redio zao, walisikiliza. Basi watu walisema kwa kifupi, na aliyesikia alitakiwa kuelewa.

Baba alikaa, akashika mikro, akasema, "Hapana kuja. À vous."

Sauti ya Masika ikarudi haraka, nyembamba, yenye furaha: "Ndiyo, Baba. Nimesikia."

Baba akasema Mungu amlinde. Tukarudi nyumbani. Njiani alininunulia mkate, jambo ambalo si kawaida yake. Nadhani alikuwa ameridhika kwamba mtoto wake mbishi kwa mara ya kwanza amekubali bila kubishana.

Siku tatu baadaye Masika akapanda gari la kuja Butembo.

Lilisimamishwa na wenye bunduki. Sitaandika yote, yeye mwenyewe hajawahi kuyasema yote. Walichukua vitu vyote. Yeye na wanawake wengine wawili waliingia msituni, wakatembea siku mbili, na akajifungua kabla ya wakati kwenye kituo kidogo cha afya, kwenye meza. Mtoto aliishi. Ni mvulana. Alikuwa mdogo hivi kwamba walimweka katikati ya chupa za maji ya moto.

Mume wake alikuja kumchukua na kumrudisha Beni. Ujumbe ukapita kwa watu mpaka ukafika kwetu: kwa nini Baba alimwita mtoto wake aje kwenye njia kama ile? Baba akajibu kwa njia hiyo hiyo, kupitia watu, kwamba yeye alimkataza, na kwamba Masika tangu utoto hasikii. Masika akatuma kwamba amesikia vizuri sana, kwa masikio yake mawili, na kwamba Baba sasa anaona aibu na anageuza maneno. Kumwambia baba mzazi kwamba anageuza maneno, na kumwambia kupitia watu wa kanisa. Baba alikaa na kipande cha mbao mkononi muda mrefu. Tangu siku hiyo hakutaja jina lake.

Mtoto ana mwaka na miezi kadhaa sasa. Anatembea. Baba hajamwona.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya bega la Baba siku ile. Nilimsikia akisema hapana. Kwa hiyo niliamini kwamba Masika anadanganya, Masika wangu, na niliona uchungu kuliko ninavyoweza kuandika. Nilikuwa namsalimia kwenye fonie kwa niaba ya Mama, kwa siri, nikimwandikia Mama majibu yake, lakini moyoni nilikuwa nimefunga mlango.

Miezi minne iliyopita, siku moja nilikuwa nimechoka. Kawaida nilipoandika ujumbe unaoingia kutoka vijijini nilitengeneza sentensi, kama mwanafunzi mzuri. Nikisikia "likuja jana" ninaandika "alikuja jana". Nikisikia "toto amepona" ninaandika "mtoto amepona". Siku ile sikutengeneza. Niliandika kilichoingia sikioni tu. Mwisho wa siku nikatazama ukurasa: karibu kila ujumbe ulikuwa hauna mwanzo. Ukurasa mzima wa kuku waliokatwa vichwa, na bado wanakimbia.

Nikajiuliza kama maneno yetu nayo yanafika hivyo, nikaanza kutazama vidole vya wateja kwa makini. Mtu anavuta pumzi, anafungua mdomo, na kidole kinashuka pamoja na neno la kwanza. Lakini redio ya Papa Kambale ni ya zamani, kama zile za vijijini, si kama ile mpya ya Beni. Ukibonyeza, inachelewa kidogo kabla ya kufunguka. Kuna taa ndogo nyekundu inayowaka inapokuwa tayari, na niliona kwa macho yangu: kidole, mdomo, kisha taa. Neno la kwanza lilikuwa limeshakwisha mdomoni kabla taa haijawaka.

Papa Kambale mwenyewe jambo hili halimpati. Yeye kila mara anaanza na "Eeee, Beni, Beni." Mashine inakula ile "Eeee", na hakuna hasara. Mwili wake ulijifunza bila kumwambia. Nilipomuuliza, nikitazama miguu yangu, alisema, "Redio iko muzima, Kavira. Ni batu ndio biko na haraka."

Lakini nilifikiri hivi: mtu anayeongea na ndugu ambaye hajui kama yuko hai lazima awe na haraka. Mashine ambayo inahitaji mtu asiyekuwa na haraka haikutengenezwa kwa ajili ya watu wa hapa, katika miaka hii.

Nilibandika karatasi: *Bonyeza. Ngoja. Sema.* Watu waliisoma, wakasema ndiyo, wakabonyeza na kusema hapo hapo. Niligeuza redio ili ile taa nyekundu iwatazame wateja badala ya kumtazama Papa Kambale. Akaigeuza tena kwake, nikaigeuza, siku ya tatu akaiacha. Haikusaidia. Nilikuwa nimesahau kilichoandikwa kwenye daftari langu mwenyewe, kwamba watu wanafunga macho.

Basi nikaanza kuweka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wa mteja. Nikivitoa, ndipo anaongea. Hiyo iliingia. Mtu aliyefunga macho bado anasikia kuguswa. Wanawake walizoea haraka, wakawa wananiletea mkono wenyewe kabla ya kukaa. Wanaume wazima sikuwagusa, haingefaa, na mimi nisingeweza. Wao maneno yao yaliendelea kukatwa.

Na ndiyo, nilikuwa nimeshaelewa kuhusu Baba tangu ile siku ya kwanza, nilipotazama ukurasa wa kuku.

*Hapana kuja.* Ondoa mwanzo.

*Kuja.*

Hakuna aliyedanganya. Lugha yetu inaweka katazo mbele kabisa, pale pale ambapo mashine inakula. Mfaransa akikataza hivyo hivyo anasema "ne venez pas", na ile "pas" iko nyuma, ingemfikia. Sisi neno dogo moja likianguka, mzazi anayekataza anageuka mzazi anayeita.

Nilijua hivyo miezi minne na sikusema. Naandika hapa kwa sababu sijamwambia mtu. Nilikuwa najiambia nangoja diploma ya kumaliza shule itoke, nangoja mvua iishe, nangoja Baba aamke na moyo mwepesi. Ukweli ni kwamba niliogopa kumwambia shemasi, fundi anayepima mara mbili, kwamba neno lake halikufika. Kama wiki hii Papa Kambale asingetangaza kushusha antena, ningeendelea kungoja. Mashine yenyewe ndiyo shahidi pekee, na shahidi anaondoka.

Jumatano nilimwandikia Baba barua nikaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Niliandika mara sita. Ya mwisho ilikuwa fupi:

*Baba, unapopasua ubao unaacha nafasi ya msumeno, kwa sababu msumeno unakula. Fonie nayo inakula, mwanzoni, kabla haijafunguka. Ulisema "hapana kuja". Masika alipata "kuja". Nilikuwepo. Ninyi wawili hamkudanganya. Ninaweza kukuonyesha kabla ya Jumatatu. Mimi Kavira.*

Alhamisi hakusema kitu. Ijumaa alipiga randa mlango wa mtu mchana kutwa, na mimi nilitamani ardhi inifunike. Leo asubuhi Mama alipokwisha kwenda sokoni Musienene, Baba alitoka chumbani amevaa koti lake la kanisani.

"Ile mashini," akasema, "inakulaka kiasi gani?"

Nikamwambia: neno moja, kama ni fupi.

"Twende."

Nilikuwa nimeshapanga na Masika, jana kwenye fonie, kwamba leo saa tano tutaongea. Sikumwambia kwamba Baba atakuwepo. Nilimwambia tu achukue kalamu na karatasi, aandike kila atakachosikia kama alivyosikia, asitengeneze. Alicheka. "Kavira, weye unaogopaka hata kuku. Leo umekuwa mwalimu?" Nilimwomba tena, akasema sawa, mwalimu.

Kibandani kulikuwa na wazee wawili tu kwenye benchi. Papa Kambale aliita, "Eeee, Beni, Beni," Beni ikajibu, Masika alikuwa amefika. Nilimwekea Baba mbele yake karatasi yenye sentensi tatu. Nilimwambia azisome moja moja, na baada ya kila moja aachie. Sikumwonyesha namna ya kubonyeza. Niliona aibu, kama ninamtegea mtego baba yangu mwenyewe, lakini ilibidi afanye jinsi anavyofanya.

Alikaa wima. Akabonyeza, akasoma: "Hapana mvua." Akaachia. "Hapana shida." Akaachia. Ya tatu aliitazama kwanza. "Hapana kuja."

Baada ya hapo redio ilikwaruza tu. Nilijua Masika ameitambua sauti. Nilichukua mikro, nikabonyeza, nikangoja, nikamwambia asome alichoandika.

Alisoma polepole, sauti isiyo na utani hata kidogo.

"Ya kwanza, 'na mvua'. Ya pili, 'shida'. Ya tatu, 'kuja'. Baba, umesema 'kuja'. Sawa ile siku."

Papa Kambale alinyanyua kichwa kutoka kwenye betri zake. Nadhani ndipo alipoelewa yeye pia, baada ya miaka yote ile. Alianza kusema kitu kuhusu watu na haraka, akakiacha.

Baba hakusogea. Alikuwa anatazama kidole gumba chake juu ya ile buto. Najua anavyotazama kipimo kilichomkosea: hatazami ubao, anatazama mkono wake. Halafu akanisogezea mikro kidogo, bila kunitazama, akauliza chini chini, "Batu bengine, unabafanyaka namna gani? Banasema unabashika."

Kumbe alikuwa amesikia mjini.

Niliweka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wake. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomgusa Baba. Ngozi yake ni ngumu, na chini yake mshipa ulikuwa unapiga mbio kama wa mtoto. Akabonyeza. Taa ikawaka. Nilingoja zaidi ya inavyohitajika, nakiri, kisha nikavitoa.

"Masika," akasema. Mwaka na zaidi sikuwa nimesikia jina hilo likitoka kinywani mwake. "Nilisema hapana. Haikufika. Weye ulisikia yenye ilifika. Wacha tumalize." Pumzi. "Kuja. À vous."

Mmoja wa wale wazee kwenye benchi alivua kofia yake.

"Baba," Masika akasema, na nilisikia kwamba analia, na nilisikia pia kwamba ni yeye, Masika wa unga wa msumeno, amerudi, "hiyo ni 'kuja' yenyewe, ao kuko kitu imekatika mbele yake?"

Baba aligeuza uso kwenye ukuta. Mabega yake yakatikisika. Ilimchukua muda kugeuka. Safari hii alinipa mkono mwenyewe, niweke vidole.

"Hakuna kitu imekatika. Kuja na mutoto."

Tukiwa njiani kurudi mvua ndogo ilianza, na Baba hakuharakisha hatua. Kwenye karakana alivua koti, akalitundika, akaanza kupima mbao fupi fupi. Nilipomuuliza anatengeneza nini, alisema kitanda cha mtoto, kwa sauti ya mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. Mama aliporudi na vikapu alimkuta anapiga msasa, akanitazama mimi, nikamwambia. Alikaa chini pale pale mlangoni, juu ya gunia la maharagwe.

Ningependa kumaliza hapo. Ingekuwa siku nzuri ya kumalizia.

Lakini tangu saa kumi nina wazo ambalo haliniachi. Ile mara ya kwanza tulikuwa tumemkataza. Leo tumemwita kweli. Njia ni ile ile. Wanasema imetulia, magari yanapita kwa kufuatana, watu wamevuka wiki hii na wiki iliyopita. Wanasema. Masika atapanda na mtoto anayetembea, kwa neno ambalo mimi nilihakikisha limefika lote. Likimpata jambo, hakutakuwa na mashine ya kulaumu.

Je, nilitaka apatane na Baba, au nilitaka tu kuonyesha kwamba nimegundua? Najiuliza na sipati jibu safi. Labda yote mawili. Nilikuwa nafikiri kuchunguza mikono na masikio ya watu ni kazi ya mtu wa pembeni, anayetazama tu na kuandika. Leo nimeona kwamba ukitengeneza kitu kikafanya kazi, kinachopita ndani yake kinakuhusu.

Antena itabaki juu mpaka Jumatatu saa nne. Tumepatana Masika awe kwenye fonie ya Beni saa mbili, kungoja tumwambie siku ya kupanda gari, au asipande kwanza. Kuna ujumbe mmoja umebaki, na Papa Kambale amesema nitautuma mimi.

Kwa hiyo kesho nikitoka ibadani nitaenda mwenyewe pale magari ya Beni yanaposimama. Nitauliza madereva, mmoja mmoja, nani alipita lini, aliona nini, alisimamishwa wapi. Ni wanaume wanaocheka kwa sauti na kuita wasichana majina. Nitauliza hata hivyo, na asiyenisikia nitamuuliza mara ya pili.